Vijiko Vitano

Kila asubuhi, kabla hajamkunia mtu yeyote, Eliasi alitenga nazi kumi. Alizitingisha sikioni moja moja, akasikiliza maji yake, akazigonga kwa kifundo cha kidole, na zile zilizomjibu vizuri akazisukuma chini ya benchi na kuzifunika gunia. Mteja aje na pesa mkononi, aje akiwa anamjua tangu enzi, angeambiwa hizo zimeshauzwa. Majirani zake pale Mtaa wa Mkunguni walikwisha kuchoka kumtania. Pius, muuza viungo wa kibanda cha pili, hakuuliza tena hizo ni mali ya nani. Aliuliza tu, "Mama wa kumi bado?"

Mama wa kumi alikuwa Shadya, mwanamke wa Mtaa wa Pemba, miaka arobaini na mitatu, aliyeachika zamani akarudi kuishi kwenye nyumba ya urithi pamoja na kaka yake Sadalla. Alitengeneza kitu kitamu cha nazi alichokiita Tabaka. Chini ya kikombe aliweka biskuti zilizopondwa na kuloweshwa tui jepesi. Juu yake tui zito lililochanganywa na maziwa ya kopo na kushikizwa kwa chaina grasi, ule mwani mkavu wa pakiti wanaoutumia Wahindi, likawa jeupe na kutikisika ukiligusa. Kisha tende zilizopondwa, kisha tui tena, na juu kabisa nazi iliyokaangwa kavu mpaka ikageuka rangi. Oveni haikuhusika. Friji ndiyo iliyomaliza kazi.

Eliasi hakuwahi kuionja. Tangu mkewe Ritha afariki kwa kisukari, miaka minne sasa, hakutia kitu kitamu mdomoni, na Shadya alilijua hilo wala hakumlazimisha.

Alimpenda kwa sababu ambayo angeona aibu kumweleza mtu. Siku ya kwanza alipokuja, Shadya alisimama pembeni ya mashine akamwambia akune taratibu, asifike kwenye ile ngozi ya kahawia, maana alitaka nyeupe tupu. Miaka kumi na tisa alikuwa akikuna nazi Kariakoo. Wenye soko walimhamisha mara tatu, mara ya mwisho wakamweka juu ya mtaro ambao wao wenyewe wasingeweza kusimama hapo dakika tano. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi yake inaweza kufanywa vizuri au vibaya. Akakuna taratibu. Nazi nyeupe ikawa inaangukia kwenye bakuli, nyingine ikamrukia Shadya kwenye kiwiko cha mkono na kubaki hapo, naye hakuipangusa. Eliasi aliondoka na picha ya kiwiko kile akalala nayo.

Sasa ilikuwa mwaka wa pili, na posa ilikuwa kwa Sadalla. Sadalla hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa bado anapima kipi kinamuudhi zaidi, ukristo wa Eliasi, mtu wa kuja kutoka Masasi, au mashine yake ya kukuna nazi.

Jumatano hiyo Shadya alikuja saa mbili asubuhi akiwa anatembea kama mtu anayechelewa kwenye harusi. Alizungumza kabla hajafika. Umakant, tajiri aliyemwajiri Sadalla, mwenye duka la vyakula kule Kisutu, amekubali. Vikombe arobaini kila siku, kuanzia Ijumaa. Amevipenda tangu vile vya majaribio walivyoanza kumpelekea wiki mbili nyuma, na alichokitaka tu ni stika yenye jina na virutubisho, kama vitu vya viwandani, na stika imeshachapwa, ya kijani, inameremeta, na vikombe vya majaribio vya wiki hii vimekwenda nayo. Mchana atamletea aione.

"Na lingine," alisema, akashusha sauti. "Kaka kasema Ijumaa akitoka kuswali atakuja hapa akujibu. Jana nilipokutaja alicheka."

"Alicheka vizuri au vibaya?"

"Alicheka tu. Kwa Sadalla hiyo ni nusu ya ndiyo."

Eliasi alimtazama. Shadya naye hakuyaondoa macho, akayaacha pale yakae, mpaka nazi ikamponyoka Eliasi mkononi ikabingirika hadi kwa Pius, na Pius akairudisha huku akiuliza kama leo wanakuna nazi au wanafanya kitu kingine. Shadya akafunika mdomo kwa ncha ya ushungi. Alipoondoka na bakuli lake, Eliasi alijikuta anapiga mluzi, jambo ambalo alikuwa amelisahau.

Saa nne akaja Champaben.

Alikuwa mama mzazi wa Umakant, bibi wa miaka sabini na sita, na kila Jumatano alishuka na bajaji kununua nazi za chatini mwenyewe kwa sababu alisema mfanyakazi wake hajui kusikiliza nazi. Eliasi alimwamkia shikamoo mama, akaitikiwa marahaba, akamwekea kiti. Siku hiyo bibi alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Alisema daktari amemkataza halwa, amemkataza jalebi, amemkataza hata sukari ya chai, amebaki anaishi kama mfungwa. Lakini sasa Mungu amemkumbuka. Akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa kikombe cha plastiki chenye stika ya kijani.

"Huyu mama wa kwenu, dada yake Sadalla," alisema. "Yeye ametuonea huruma wazee. Tamu, lakini sukari hakuna. Hata ile jeli ya mifupa ya ng'ombe hakuna, ametia chaina grasi. Mimi nakula mbili kila siku, moja asubuhi, moja baada ya chakula."

Eliasi alikuwa akimsikiliza huku macho yake yakiwa chini, kwenye ndala za bibi. Kipande cha kifuu, chembamba na chenye ncha, kilikuwa kimetoboa soli ya kushoto kikaingia kwenye unyayo. Damu ilikuwa imefanya mstari mdogo kwenye saruji, kutoka alikoshukia bajaji mpaka kwenye kiti. Na Champaben alikuwa anaendelea kusifia Tabaka.

Akapiga magoti. "Mama, umekanyaga kifuu."

"Wapi?"

"Hapa. Kimeingia."

Bibi alijiinamia akautazama mguu wake kama mtu anavyotazama mguu wa jirani. "Mimi sisikii kitu," alisema.

Ndivyo alivyosema Ritha. Ritha alikuwa ametembea siku nzima na msumari kwenye kandambili, kutoka sokoni hadi nyumbani, akapika, akafua, na jioni alipovua ndipo walipouona. Mimi sisikii kitu, baba Scholastika. Na alicheka.

Eliasi alikichomoa kile kifuu, akaosha jeraha kwa maji ya chupa, akalifunga kwa kitambaa safi. Alimwambia bibi aende hospitali leo hii, asingoje kesho, asingoje kumwambia mwanawe. Kisha akakichukua kile kikombe akasoma stika.

Hakuwa msomaji. Shule aliishia darasa la nne, na walimu waliomkatishia hapo wanajijua. Lakini vibandiko vya vyakula alivijua. Alijifunza kwenye foleni ya zahanati, siku zile za Ritha, palikuwa na bango ukutani linaloeleza kwamba gramu nne za sukari ni kijiko kimoja cha chai. Alilisoma mara nyingi kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya. Sasa akafuata mistari kwa kidole. Nishati, kumi. Mafuta, sifuri. Sukari, gramu sifuri. Na chini, kwa herufi kubwa: HAINA SUKARI.

Mafuta sifuri, kwenye tui zito alilolikuna yeye mwenyewe.

Mwezi uliopita alikwenda Mtaa wa Pemba kumsaidia Shadya kufungua makopo ya maziwa, shangazi mtu akiwa amekaa mlangoni kama askari. Alifungua kopo kwa kila vikombe kumi. Na kwa mazoea yake ya kusoma alisoma kopo: zaidi ya nusu yake ilikuwa sukari. Alipiga hesabu palepale kichwani, vijiko vitano kwa kila kikombe, biskuti na tende hazijaguswa. Hakusema kitu siku ile. Kilikuwa chakula cha mtu anayetaka kula tamu, na Shadya alikuwa anacheka, mikono imejaa maziwa mpaka kwenye bangili.

Bibi huyu alikuwa anakula vijiko kumi kwa siku, akishukuru.

Eliasi akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, fupi tu. Akaiona Ijumaa. Akamwona Sadalla anavyocheka, ile nusu ya ndiyo. Akajiambia kwamba mwenye kitu ndiye wa kuambiwa kwanza, kwamba si adabu kumharibia mtu kazi nyuma ya mgongo wake. Akakirudisha kikombe kwenye kikapu. Bajaji ikaja, Champaben akapanda, akampungia mkono, ikakata kona kuelekea Msimbazi ikapotea.

Alikuna nazi mpaka saa tisa bila kuelewa anamkunia nani. Mteja mmoja alilalamika kwamba nazi yake imejaa ngozi ya kahawia.

Shadya alipofika na kikombe chake cha kuonyesha, alikuwa amejipaka wanja. Alikishika kwa viganja viwili, akakiweka juu ya benchi kama mtu anayemlaza mtoto. Eliasi hakukigusa.

"Hii stika umeitoa wapi?" aliuliza.

Alimweleza kwa furaha. Alikwenda steshenari ya Mtaa wa Aggrey, kijana wa kompyuta akamuuliza virutubisho vipi aandike, naye hakujua. Kijana akasema basi nipe pakiti ya kitu kikubwa unachotumia, nitanakili. Kwenye mkoba alikuwa na pakiti ya chaina grasi. Kijana akaona sawa, si ndiyo inayoshikilia chakula chote? Akanakili jedwali la nyuma, akaweka na rangi ya kijani bure.

"Hayo ni ya mwani, Shadya. Siyo ya Tabaka."

"Mwani umo humohumo."

"Umo kijiko kimoja kwenye sufuria. Na hili neno la chini, haina sukari, kalisema nani?"

"Nimelisema mimi. Kwani uongo? Umeshaniona nimenunua sukari?"

"Maziwa ya kopo."

"Maziwa ni maziwa."

"Zaidi ya nusu ya kopo ni sukari. Nimesoma. Kila kikombe vijiko vitano, bado tende."

Tabasamu lilikuwa halijamtoka Shadya, lilibaki limesimama usoni peke yake. Alisema tende ni kitu cha asili. Alisema watu wanafungulia tende mwezi mzima na hawafi. Alisema nazi yenyewe ni tamu kwa jinsi Mungu alivyoiumba, na kwamba yeye hakuwahi kumdhulumu mtu. Eliasi akamjibu kwamba anajua hajamdhulumu mtu, lakini damu haiulizi utamu umetoka kiwandani au mtini.

"Ngoja kwanza," Shadya alisema. "Unajua Ijumaa ni nini?"

"Najua."

"Ijumaa siyo vikombe arobaini. Ijumaa ni mimi na wewe. Nikimwendea Umakant leo nikamwambia stika imekosewa, atamwita kaka. Na kaka atauliza nani kaniambia."

Hapo ndipo Eliasi alipomweleza habari za Champaben. Kifuu, ndala, mstari wa damu kwenye saruji. Shadya alisikiliza mkono ukiwa kifuani. Alipoambiwa bibi anakula mbili kwa siku, akaketi kwenye kile kiti ambacho bibi alikuwa amekalia.

"Ukamwambia?" aliuliza.

"Nilimwambia aende hospitali."

"Nakuuliza Tabaka. Ulimwambia asile?"

"Hapana."

"Kaondoka nayo?"

"Kaondoka nayo."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya Ijumaa," Eliasi alisema.

Shadya akainua uso. Wanja ulikuwa umeanza kuchuruzika upande mmoja na hakujali. "Mimi sikujua," alisema taratibu. "Wewe ulijua, ukamfungia na kitambaa, ukampandisha bajaji. Sasa niambie wewe na wale wa zahanati mna tofauti gani."

Lazima ieleweke zahanati ilikuwa nini kati yao. Eliasi alikuwa na hadithi moja, na aliisimulia vizuri. Foleni ya saa kumi na moja alfajiri. Vipimo vimekwisha, njooni kesho. Daktari kijana asiyeinua macho kwenye simu. Mguu wa Ritha umeanza kubadilika rangi na wakubwa wanatafuta faili. Waliomuua Ritha, alikuwa akimalizia, wanakula mshahara mpaka leo. Siku aliyomsimulia Shadya hadithi hiyo ndiyo siku Shadya alipomshika mkono kwa mara ya kwanza, mchana kweupe, mbele ya Pius na soko zima. Mapenzi yao yalianzia hapo.

Eliasi akazima mashine. Watu walikuwa bado wanapita, wauza mifuko wanaita, lakini pale kwenye benchi pakawa kama pamefungwa mlango.

"Vidonge nilimwachisha mimi," alisema.

Shadya hakuelewa.

"Ritha. Foleni ile sikukuongopea. Vipimo vilikwisha kweli, na daktari alikuwa na simu kweli. Lakini vidonge walitupa. Vilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, mwezi mzima vya kutosha. Mimi nilichoka nao, nilichoka kudharauliwa nao. Nikamwambia Ritha aviache, nitamsafisha damu kwa madafu. Kitu cha asili. Matatu kwa siku, nilikuwa namchagulia mwenyewe. Nilikuwa nayatingisha sikioni. Kama ninavyokuchagulia wewe nazi."

"Usiseme hivyo."

"Alikuwa anakunywa ananishukuru. Mpaka ile siku ya msumari. Scholastika mwenyewe, binti yangu, hajui. Hakuna mtu anayejua. Nimewasema wale watu miaka minne nisikae kimya nikajisikia."

Shadya alisimama. Alikichukua kikombe chake, akakiangalia, akakirudisha kwenye mfuko. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo, isiyo na hasira, na hiyo ndiyo iliyomwumiza Eliasi.

"Nililia kwa ajili yako," alisema. "Niliwalaani watu nisiowajua."

"Walistahili."

"Na wewe?"

Eliasi akaukuta mkono wake unapangusa benchi ambalo lilikuwa safi. Alipoinua macho, ushungi wa Shadya ulikuwa umeshachanganyika na vichwa vingine vya watu, na hakugeuka hata alipofika kwenye kona, mahali ambapo kila siku hugeuka.

Alhamisi alitenga nazi kumi. Saa mbili ikapita, saa nne, saa sita. Pius hakuuliza. Adhuhuri alikuja tu na chai ya tangawizi, akaiweka juu ya benchi, akarudi kwenye viungo vyake. Jioni Eliasi aliinua gunia akazikuta nazi zimekaa vilevile zilivyopangwa, kama watoto waliosahauliwa shuleni, akazifunika tena.

Ijumaa Sadalla alikuja kama alivyoahidi. Alikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na alisimama mbali kidogo na mashine ili nazi isimrukie. Hakukaa.

"Bwana Eliasi," alianza. Alieleza kwa ufupi, kama anasoma tangazo. Juzi jioni, bila kumshauri mtu, dada yake alipanda bajaji mpaka Kisutu, akaingia hadi sebuleni kwa Champaben akamwambia stika ni ya uongo. Bibi akapimwa kwa kile kimashine cha kidole, namba ikapanda mahali ambapo hata Umakant alishika kichwa. Amelazwa. Mguu wanasema wataweza kuuokoa kwa sababu kidonda kimewahiwa. Vikombe arobaini vimekufa, na yeye Sadalla ameitwa ofisini akasemeshwa mbele ya makarani waliozaliwa juzi.

"Nilikuwa nimejiandaa kukukatalia kwa sababu ya dini," Sadalla alisema. "Nimekesha natafuta maneno ya kistaarabu. Dada kasema wewe ndiye uliyemwambia habari ya stika. Umenipunguzia kazi. Mtu anayemtoa dada yangu riziki mdomoni, sitompa dada yangu. Jibu langu ni hapana."

Eliasi alisema amesikia. Aliuliza mama yule yuko wodi gani. Sadalla alimkazia macho, pengine alitegemea ugomvi au kupigiwa magoti. Akamtajia wodi, akageuka, kanzu yake ikapita katikati ya matenga ya nyanya bila kugusa hata moja.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha, Eliasi aliwaza. Alitafuta mkubwa wa kumlaumu, akapekua wenye soko, madaktari, matajiri, walimu wa Masasi, wote aliokuwa amewaweka akiba, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakupata wa kumtosha.

Saa kumi alasiri alikuwa anafunika mashine aliposikia kikombe kimewekwa juu ya benchi.

Shadya hakuwa na wanja. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji, maana alikuwa amekaa mchana kutwa anabandua stika mia mbili kwenye vikombe kwa maji ya moto. Kikombe kilikuwa na alama ya gundi, na juu ya gundi karatasi nyeupe ya daftari iliyokatwa kwa mkasi.

"Kaka kasema hapana," alisema.

"Kaniambia."

"Kaka kasema. Mimi sijasema." Akakisukuma kikombe mbele yake. "Soma."

Eliasi akainama. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa kalamu nzito. Akaufuata kwa kidole, silabi kwa silabi. TABAKA YA NAZI. INA SUKARI. VIJIKO VINNE. INA MAFUTA MENGI. MWENYE KISUKARI ASILE.

Kidole kikarudi kwenye mstari wa vijiko. Shadya alimngoja.

"Ni vitano," alisema Eliasi.

"Nimeandika vinne."

"Nimeona. Ni vitano. Nilifungua makopo mwenyewe."

"Vitano vinatisha, Eliasi. Nani atanunua?"

"Ni vitano."

Shadya alimtazama. Halikuwa tazamo lile la Jumatano. Lilikuwa la mtu anayekagua nyumba iliyoungua, akitafuta ukuta uliobaki. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile kalamu nzito, akakata vinne, akaandika vitano juu yake. Herufi zikaenda upande.

"Ile habari ya madafu sijaimaliza," alisema bila kuinua kichwa. "Sijui kama nitaimaliza. Usiniulize lini."

"Sikuulizi."

"Na binti yako utamwambia. Siyo mimi wa kukaa na kitu hicho mbele yake."

Kwa Eliasi hilo lilikuwa jambo zito kuliko Sadalla na kanzu yake. "Nitamwambia," alisema.

"Nikiumwa mimi, utaniambia ukweli?"

"Nitakwambia."

"Hata nikikuchukia?"

"Juzi nilikwambia, ukanichukia."

Shadya akafunika kalamu. Kitu fulani kilipita kwenye mdomo wake, si tabasamu, lakini njia ambayo tabasamu huwa linapitia. Akasogeza kiti kile cha wateja karibu na mashine. Miaka miwili alikuwa akija hapo na hajawahi kukalia kiti hicho kungoja. Alizoea kuacha bakuli na kwenda kutafuta mahitaji mengine. Sasa aliketi, akaweka bakuli magotini.

"Nikukunie kumi?" Eliasi aliuliza, akiinua gunia.

"Kumi za nani tena? Nikunie nne," alisema. "Na taratibu."

Eliasi akawasha mashine. Akachagua nne, na hakuzitingisha sikioni, akazipasua akaziangalia ndani kwanza, moja baada ya nyingine, kisha akamgeuzia Shadya naye aziangalie.